Mikono na mkazo unapopandisha fimbo ya gofu: maswali ninayoulizwa kila Jumamosi

Gofu nimeijua hapa Lubumbashi kwa kubeba mifuko ya wengine, siyo kwa kupiga. Mbeba mfuko hutazama migongo na mikono ya watu saa nzima baada ya saa nzima, na miaka ikipita anajua mpira utakwenda wapi kabla haujaguswa: anatazama vigasha tu. Maswali haya ni yale yanayonirudia kutoka kwa wanafunzi wangu wa Jumamosi. Majibu yameandikwa kwa mtu anayepiga kwa upande wa kulia. Wa kushoto aanzie jibu la 16.

## Mambo ya mwanzo

1. Kupandisha fimbo kunaanzia wapi, mikononi au mwilini?

Kifuani. Ukisimama mbele ya mpira, mabega na mikono yako miwili hufanya pembetatu, ncha yake ikiwa kwenye mpini. Hatua ya kwanza ni kuigeuza pembetatu yote kwenda kulia bila kuivunja. Mpaka mpini ufike usawa wa paja la kulia, kilichobadilika ni kifua tu. Baada ya hapo vifundo vya mikono huanza kukunjika vyenyewe, kwa uzito wa kichwa cha fimbo.

Anayeanza kwa mikono huinyakua fimbo kama mtu anayevuta mtoto pembeni gari likija. Fimbo inapanda haraka, kifua kinabaki nyuma, na yote yanayofuata ni kutafuta namna ya kurekebisha.

2. Ni lazima mkono wa kushoto unyooke?

Hili linaulizwa kuliko yote, na jibu lake la mkato limeharibu watu wengi. Mimi ni mmoja wao. Mwalimu wangu wa kwanza alisimama nyuma yangu akirudia "kaza mkono wa kushoto, kaza!" Nikakaza. Miaka miwili nilipiga mipira inayokata kulia na kuzama kwenye majani marefu, na nikifika nyumbani siwezi kuinua sufuria ya bukari (ugali) kwa mkono ule.

Kunyooka ni kitu kimoja, kukaza ni kingine. Nyoosha mkono wa kushoto mbele yako sasa hivi, kama unayempa mtu mkono. Umenyooka, sivyo? Sasa ukaze mpaka kiwiko kijifunge. Sikiliza bega: limepanda kuelekea sikio, na shingo imeshikwa. Bega lililopanda namna hiyo haligeuki tena, linainuka tu. Mtu anafikiri amenyoosha mkono, kumbe amejifunga kamba.

Kwa nini basi watu wanasisitiza unyooke? Kwa sababu mkono mrefu hufanya duara pana, na duara pana humpa kichwa cha fimbo muda wa kushika kasi. Pia hukirudisha pale pale kilipotoka. Ukikunja kiwiko sana ukiwa juu, itabidi ukikunjue kwa kipimo kile kile wakati wa kushuka, na kushuka kote ni kama robo ya sekunde. Ni kazi ngumu kwa mtu anayecheza mara moja kwa wiki.

Lakini mkunjo mdogo haumuui mtu. Harry Vardon alishinda British Open mara 6 na kiwiko chake cha kushoto kilikuwa kikikunjika juu. Ed Furgol alikuwa na mkono wa kushoto uliopinda tangu utotoni, akashinda US Open mwaka 1954. Wa kushangaza zaidi ni Calvin Peete, Mmarekani aliyevunjika kiwiko cha kushoto akiwa mtoto, mkono usinyooke tena maisha yake yote. Kuanzia 1981 hadi 1990, miaka 10 mfululizo, hakuna mchezaji wa ligi kuu ya Marekani aliyeweka mipira mingi katikati ya njia kumzidi kwa pigo la kwanza. Kwa hiyo ukinijia ukilia kwamba mkono wako unakunjika kidogo, nitakuuliza kwanza: kifua kinageuka?

3. Mkono wa kulia nao ufanye nini?

Ukunjike. Ukifika juu, kiwiko cha kulia kinakuwa kama pembe mraba, kikielekea chini zaidi kuliko nyuma, na kiganja kinatazama juu kidogo. Wale vijana wanaouza mayai ya kuchemsha mjini, trei imekaa kiganjani karibu na bega: huo ndio umbo. Trei hiyo haibebwi kwa kukaza, ingekuwa hivyo mayai yangekuwa chini.

Kosa la kawaida ni kuusukuma mkono wa kulia unyooke muda mrefu kwa sababu mtu kasikia habari ya duara pana. Upana unaletwa na wa kushoto. Wa kulia unafuata na kukunjika unapohitajika.

4. Nishike fimbo kwa nguvu kiasi gani?

Tukihesabu kutoka 1 hadi 10, ambapo 1 fimbo inadondoka na 10 vidole vinageuka vyeupe, shika kwa 4. Lakini namba pekee haimfundishi mtu, kwa hiyo tazama mama anayetwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ukipanda, vidole vinalegea kiasi kwamba mti unateleza kidogo kiganjani. Ukishuka, vinafumba vyenyewe, bila yeye kufikiri. Mabega yako chini, na anaongea na jirani. Asiyejua kutwanga hubana mwanzo mwisho. Dakika kumi baadaye ana malengelenge, na sombe bado ni majani.

Fimbo yenyewe haina uzito wa kutisha. Dereva nzima, ile fimbo ndefu ya pigo la kwanza, ni kama gramu 300, na mpira kisheria hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93. Chupa ya bia ya Simba iliyojaa ni nzito kuliko vyote viwili kwa mbali, na sijaona mtu anayeinua chupa hiyo huku meno yamekazwa.

Muhimu pia ni vidole gani vinafanya kazi. Mshiko ukae kwenye vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto na viwili vya katikati vya mkono wa kulia. Ukibana kwa kidole gumba na cha shahada, misuli ya juu ya kigasha inashtuka yote, na kifundo hakikunjiki tena. Fanya ukiwa umekaa hapo, utaisikia.

## Kuhusu mkazo

5. Nitajuaje kama nimekakamaa? Mimi najiona niko sawa.

Kila mtu hujiona yuko sawa. Mwombe mwenzako, ukiwa umejiweka tayari kupiga, asukume kichwa cha fimbo kidogo kwa kidole. Kikitikisika peke yake, uko vizuri. Ukitikisika wewe mzima hadi magoti, umekakamaa.

Dalili nyingine ni meno yaliyobanana, pumzi iliyosimama, na mpira ambao siku zote unakata kulia kwa sababu vigasha vilivyokazwa havikuweza kuzunguka na kurudisha uso wa fimbo. Glavu nayo inasema. Ikitoboka haraka kwenye kisigino cha kiganja, fimbo imekaa vibaya, inateleza, nawe unaibana ili kuizuia.

6. Mkazo huu unatoka wapi hasa?

Kwa wengi unatoka kwenye kutaka kupiga kwa nguvu. Mwili ukiambiwa "nguvu" hukaza kila kitu, misuli ya kukunja na ya kunyoosha kwa pamoja, na misuli inayovutana haiendi popote. Ni gari lililowekwa gia na breki kwa wakati mmoja. Na hapa kwetu tuna sababu ndogo zaidi ya kulazimisha: Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, mpira unakwenda mbali kidogo kuliko pwani.

Chanzo cha pili ni kusimama kimya juu ya mpira muda mrefu. Nimehesabu mzee mmoja, sekunde kumi na nne akitazama mpira kama anayesoma barua ya deni. Mtu aliyetulia hivyo huganda. Dawa ni kutikisa kichwa cha fimbo mara mbili, kuhamisha uzito mguu hadi mguu, kutoa pumzi, kisha kuanza kabla hujaganda.

7. Nikilegeza, mpira unakwenda hovyo. Si afadhali nikaze?

Umelegeza kitu kisicho chake. Kinachotakiwa kulegea ni mabega, vigasha na viwiko. Vidole havifunguki. Wengi wakiambiwa "legea" huachia mpini juu kabisa, fimbo inaanguka shingoni, kisha wanaidaka tena wakati wa kushuka. Hapo mpira unakwenda popote, na lawama inapewa kulegea.

Anza na mshiko wako wa 4 na umalize na 4 hiyo hiyo. Kubana ghafla kule juu, pale fimbo inapogeuza safari, ndiko kunakoharibu zaidi. Wapigaji wazuri hupandisha kwa muda wa kama mara tatu ya ule wa kushusha, kwa hiyo hakuna haraka kule juu. Jipe pia wiki mbili au tatu za kupiga vibaya. Mwili ulizoea kulenga kwa kukaza, na utapotea kidogo.

8. Mbona Juni na Julai napiga vibaya zaidi?

Asubuhi za kiangazi hapa ni baridi, na mikono ya baridi hubana bila kuombwa. Lakini kuna jambo ambalo watu hawalitaji: ardhi. Miezi bila mvua, udongo wetu mwekundu unakuwa kama tofali. Ukichimba mara moja kabla ya mpira, mshtuko unapanda hadi bega, na kuanzia pigo linalofuata mikono inajikunja yenyewe kukwepa. Kichwa cha fimbo kinapita juu, mpira unapigwa utosini, unakimbia majanini kama panya. Mtu anaenda kubadilisha swingi, yaani namna yake ya kuzungusha fimbo, kumbe ni woga wa kuumia. Kwenye mazoezi weka mpira juu ya tii fupi (kijiti cha kuwekea mpira), hata kwa ayoni (fimbo ya kichwa cha chuma), mpaka mikono iamini tena.

Wakati wa mvua shida ni mpini uliolowa, unaomfanya mtu abane. Kitambaa kikavu na glavu ya pili, basi.

## Mikono iende mpaka wapi

9. Fimbo ipande kiasi gani?

Mpaka kifua kitakapokoma kugeuka. Kwa mtu mwenye mwili laini, mabega hugeuka kama nyuzi 90 na nyonga karibu nusu yake, na fimbo inajikuta sambamba na ardhi. Watu wameifanya hiyo kuwa sheria. Siyo sheria. Jon Rahm anakomea mapema sana, na John Daly, aliyeshinda PGA Championship mwaka 1991, alikuwa akipitisha fimbo mpaka inaelekea chini. Wote wana mataji makubwa. Kwa mchezaji wa Jumamosi ningesema fupi: robo tatu inayorudi pale pale ni bora kuliko nzima inayopotea njiani.

10. Mikono yangu inaendelea kupanda baada ya mwili kusimama. Nifanyeje?

Kama ningeruhusiwa kurekebisha kitu kimoja tu kwa wanafunzi wote, ningechagua hiki. Kifua kinachoka mapema, labda kimegeuka nusu, lakini macho yanataka fimbo ifike juu. Mikono inamalizia safari peke yake: kiwiko cha kushoto kinakunjika, mabega yanapanda, fimbo inakuwa juu ya kichwa badala ya nyuma ya bega. Ukishusha kutoka hapo, unashusha kama anayepasua kuni.

Jipime hivi. Pandisha, simama juu kabisa. Sasa, bila kusogeza mikono hata kidogo, rudisha kifua kitazame mpira tena. Mpini uko wapi? Ukiwa mbele ya katikati ya kifua chako, mikono haikukimbia. Ukiwa umebaki juu ya bega la kulia au usoni, umeinua. Kuna mama mmoja nilimfanyisha hivyo akacheka peke yake, kwa sababu mpini ulikuwa karibu na sikio lake.

Kuirekebisha usijaribu "kuteremsha mikono". Geuza kifua zaidi. Acha goti la kushoto lisogee, hata kisigino cha kushoto kiinuke kidogo kama mwili hauruhusu. Mikono ikae mbele ya kifua, ibebwe nacho.

11. Kiwiko changu cha kulia kinaruka mbali na mwili. Ni kosa?

Jack Nicklaus alishinda mataji makubwa 18 kiwiko kikiwa mbali na mbavu. Kinachomsumbua mtu ni kiwiko kinachoruka na kubaki huko wakati wa kushuka. Kikirudi mbele ya nyonga kabla ya kugusa mpira, niache nilale. Kisiporudi, mara nyingi ni mikono iliyoinuliwa: jibu la 10.

12. Juu kabisa fimbo inaelekea kulia kwa shabaha. Je?

Kama umekunja kiwiko cha kushoto au umeachia vidole, ndiyo hayo. Kama siyo, usihangaike. Jim Furyk anachora kitanzi cha ajabu hewani na mwaka 2016 alimaliza mzunguko wa PGA Tour, ile ligi kuu ya Marekani, kwa mapigo 58 tu.

## Mazoezi

13. Zoezi la kitambaa kwapani linafanyaje kazi?

Kata kipande cha kitenge, kikunje, kiweke chini ya kwapa la kushoto. Piga mapigo madogo, nusu ya safari, kitambaa kisianguke. Kinakulazimisha kugeuza kifua, kwa sababu mkono ukiondoka peke yake kitambaa kinadondoka. Usikibane! Nimeona watu wakikibana mpaka jasho, wakatengeneza mkazo ule ule tuliokuja kuuondoa. Kiegemee tu.

Kwa pigo zima ni sawa kianguke ukiwa juu. Na kwenye mashindano kinabaki mfukoni, sheria haziruhusu kifaa cha kukusaidia mkao wakati wa kupiga.

14. Sina muda wa kufika uwanjani. Nifanye nini nyumbani?

Chukua ufagio wenye mti mrefu. Shika mti karibu na majani, upande wa pili uwe hewani, zungusha taratibu kama unayepiga. Usikilize mlio: unatakiwa usikike chini, pale mpira ungekuwa, siyo nyuma ya bega. Mlio ukisikika mapema, ulibana kule juu. Dakika tano uani zinatosha, watoto wakae mbali.

Zoezi la pili ni miguu pamoja. Ukikaza au ukinyakua, unayumba. Mwili wenyewe ni refa.

## Hali za pekee

15. Nina zaidi ya miaka 60 na mgongo haugeuki. Nikaze mkono ili nipate upana?

Hapana, papa. Fungua mguu wa kulia nje kidogo kabla ya kuanza, acha nyonga igeuke pamoja na kifua, kisigino cha kushoto kipande. Kiwiko cha kushoto kikikunjika kidogo, rudi kwa Vardon kwenye jibu la 2.

16. Napiga kwa kushoto.

Geuza kila kilichoandikwa: "kushoto" soma "kulia".

17. Kifua changu kinazuia mikono kupita.

Akina mama wananiuliza hili kwa kunong'ona, na vitabu vingi havilijibu. Inama zaidi kutoka nyonga, siyo kiunoni, mpaka mikono ining'inie mbali kidogo na mwili. Kisha mkono wa kushoto upite juu ya kifua badala ya kukisukuma. Kwa zoezi la 13, shusha kitambaa kidogo au kiache kabisa. Ukilazimisha mkono upite chini, utaukaza na kuinua bega.

18. Kiwiko kinauma baada ya kucheza. Niendelee?

Pumzika kwanza. Maumivu ya upande wa ndani wa kiwiko au wa nje hutokana na kano za kigasha kuvutwa mara nyingi, na mshiko wa 8 au 9 kwa kipimo cha jibu la 4, pamoja na ardhi ngumu ya kiangazi (jibu la 8) huzivuta zaidi. Mimi yangu yaliisha nilipoacha kukaza, lakini ilichukua miezi. Yakidumu wiki kadhaa, au vidole vikifa ganzi, nenda kwa daktari. Usiyamalize kwa vidonge vya dukani.

19. Haya yanahusu weji (fimbo ya mapigo mafupi ya juu) na pata (fimbo ya kusukumia mpira shimoni) pia?

Weji ndiyo, safari ikiwa fupi tu. Pata hapana: vifundo vinatulia, mabega yanabembea, na ulaini wa vidole ni ule ule.

20. Mpira umekwama kwenye mteremko wa kichuguu. Mikono ifanye nini?

Vichuguu vyetu vya Katanga vingine ni virefu kuliko nyumba, na pembeni yake hakuna usawa. Mpira ukiwa juu ya miguu yako, shika mpini chini zaidi, fimbo itazunguka kando kuliko kupanda. Ukiwa chini ya miguu, inama zaidi, na fimbo itapanda wima. Kwa hali zote mbili punguza safari hadi nusu. Mteremko hukufanya ukaze miguu kwanza, na mkazo wa miguu hupanda hadi mikononi bila kukuuliza.

21. Kwenye mazoezi niko laini, kwenye pigo la kwanza la mashindano nakuwa mti. Kwa nini?

Watu wanakutazama. Hata mimi, vigasha vinaniganda pale. Ninachofanya ni kubana mpini makusudi mpaka 10, kuhesabu mpaka tatu, kisha kuachia mpaka 4 huku natoa pumzi. Mkono uliotoka kwenye 10 unaijua 4 vizuri zaidi kuliko ulioambiwa tu ulegee. Halafu natikisa fimbo mara mbili na kupandisha nusu ya kasi ninayoona inafaa. Kwa hofu ile, nusu hiyo ndiyo kasi yangu ya kila siku.